Mapafu Manane ya Bi Tunu

1

Mapafu hula asubuhi. Ndivyo Nuriati alivyofundishwa siku alipoanza kazi Nyumba ya Pumzi, na ndivyo alivyowafundisha waliokuja baada yake: pafu usilicheleweshee chakula, litanuna kama mke mwenza. Alikuwa na rafu yake, rafu ina visahani vyake, na kila kisahani kina jina la mtu. Mtu mwenyewe yuko huko nje mjini Tanga anakaanga mihogo au anagombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo, hana habari kwamba pafu lake lingine liko hapa linanyweshwa mchuzi.

Mchuzi ndilo jina walishaji walilolipa yale maji ya rangi ya waridi. Kitabuni yalikuwa na jina refu ambalo hata Daktari Mhina alilitaja akiwa na wageni tu.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Fyonza mchuzi wa jana, mimina wa leo, chungulia kwenye hadubini, nenda kisahani kinachofuata. Lakini uhondo ulikuwa kwenye kuchungulia. Pafu lilikuwa ngozi nyembamba kuliko utando wa maziwa, imetandikwa juu ya wavu, hewa juu, mchuzi chini, na mashine inaivuta na kuiachia, inaivuta na kuiachia, kama kifua cha mtu aliyelala. Juu ya ngozi hiyo vinyweleo vilipunga pamoja kusukuma makohozi, kama mpunga uliopitiwa na upepo. Nuriati aliapa kwamba hakuna mapafu mawili yanayopunga sawa. La kinyozi mmoja wa Chumbageni lilipunga kwa pupa. La mwalimu mmoja mstaafu wa Makorora lilipunga kwa madaha, kama mtu aliyejifunga kanga mpya na anataka ionekane.

"Wewe unayasengenya mapafu ya watu," Mwanjaa, mlishaji wa rafu ya jirani, alimwambia.

"Siyasengenyi. Nayasimulia."

"Haya, simulia na hili. Jana ukiwa safarini, kwenu katolewa mtu. Fundi baiskeli."

Bomba likabaki hewani mkononi mwa Nuriati. "Hoza?"

"Huyo huyo. Mkabo. Alikuwa anakohoa, anasema ni vumbi la matairi."

Mkabo uliingia mjini na mvua za masika, na jina watu waliupa wenyewe kwa namna ulivyoshika: kooni kwanza, kisha kifua kizima, kama mikono ya mtu mwenye kinyongo. Dawa zilikuwepo tatu, na mji ulizijua kwa rangi zake, bluu, njano na nyeupe. Balaa ni kwamba dawa iliyomwinua huyu ilimmaliza yule. Aliyepewa isiyo yake, mapafu yalijaa maji akazama kitandani, pale pale pakavu. Na kwa kumtazama mtu usoni hakuna aliyeweza kujua ipi ni yake.

Ndiyo maana serikali ikapitisha watu nyumba kwa nyumba na vijiti vya burashi, kila mtu apekechwe pua. Chembe za pua zikaletwa hapa, zikarudishwa utotoni, zikalelewa upya mpaka zikawa pafu. Wataalamu waliliita pacha. Ukiugua, pacha wako anakatwa vipande vitatu, anaambukizwa Mkabo, kila kipande kinapewa rangi yake. Asubuhi mlishaji anachungulia. Kipande kilichoanza kupunga tena ndicho kimetaja dawa yako. Asiye na pacha alipelekwa Banda la Subira, kule nyuma ya ukuta, akapewa hewa ya mtungi na dua. Waliotoka Bandani kwa miguu yao walikuwa wachache kiasi kwamba mji uliwajua kwa majina.

Na dawa haikutolewa na mtu. Ilitolewa na kabati. Mgonjwa anaweka kiganja, kabati linasoma jina, linauliza rafu, taa inageuka kijani, dozi inadondoka. Daktari mwenyewe hakuwa na ufunguo. Katika janga lililopita wakubwa waliwabebea dawa wakwe zao, kwa hiyo safari hii mji ulidai kabati lisilo na shemeji.

Nuriati akakitafuta kisahani cha Hoza. Wenzake wa zamu ya jana walikwisha kumpima. Vipande viwili vimekufa, vimekuwa vyeupe kama maganda ya kitunguu saumu. Kipande cha bluu kilikuwa hai. Akainama kwenye hadubini huku anatabasamu.

Vinyweleo vikapunga mara tatu. Vikanyamaza. Vikapunga tena mara tatu, vikanyamaza.

Tabasamu halikuondoka mara moja, maana kwanza alidhani amefurahi kuuona mwendo anaoujua. Kisha akajiuliza ameujulia wapi. Akavuta kisahani cha Bi Tunu, mama mwenye nyumba wao, ambacho alizoea kukichungulia kwa mapenzi kuliko vyote. Tatu, kimya. Akavuta cha Amria, bibi harusi wa chumba cha uani. Tatu, kimya. Akavivuta vyote vya nyumba ile, vinane, ambavyo hakuwahi kuvitazama kwa mfululizo, kimoja baada ya kingine.

Vyote vilibisha namna moja, kama mtu mmoja anayezunguka milango minane. Hodi, hodi, hodi. Kimya.

2

Nyumba ya Bi Tunu ilikuwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, na mlango wake wa mbele haukuwa na kazi. Ulishindiliwa jiwe tangu alfajiri mpaka watu walale. Mgeni hubisha hodi tatu, asipojibiwa anaondoka, hiyo ni adabu ya kila mahali. Lakini Bi Tunu alijisifu kwamba tangu aolewe ndani ya nyumba ile hakuna aliyefika hodi ya tatu. Ya pili ikiwa bado mdomoni, yeye ameshaitika karibu kutoka huko huko jikoni, hajui hata ni nani, na sahani imeshaongezwa.

Nuriati, ambaye alipanga chumba cha kwanza mkono wa kushoto, alimkuta ukumbini amekunja miguu mkekani, anapepeta mchele. Amria alikuwa uani anakanda mabumunda na anacheka na mtu kwenye simu.

"Umewahi leo," Bi Tunu alisema. "Mapafu yamegoma kula?"

"Bi Tunu, ile siku ya burashi."

"Burashi ipi, mwanangu? Ya viatu au ya meno?"

"Ya pua."

Bi Tunu akacheka mpaka ungo ukayumba. "Siku ya harusi ya huyu hapa. We acha tu. Masufuria yako motoni, bibi harusi ana hina mpaka viwiko, Hoza kaenda kuwafuata wapiga ngoma, nyumba haina pa kukanyaga. Anaingia kijana wa watu na sanduku lake, eti anataka watu wanane wapange mstari. Mstari, siku ya harusi. Nikamwambia lete hivyo vijiti, ukae ule."

"Ukavifanya nini?"

"Nikajipekecha vyote. Nilipiga chafya hizo, wali ulikaribia kuniambia afya. Yeye akala, akafunga sanduku, akashukuru."

"Na majina?"

"Nikamtajia. Kwani uongo? Wote si wapo? Bili ya maji naandikisha mimi. Sensa ilipokuja niliwahesabia wote, na wewe ukiwa kazini. Hata posa ya Amria aliipokea nani? Nyumba hii ina vyumba vingi, pua yake ni hii."

Akaigusa ncha ya pua kwa kidole chenye unga wa mchele.

Walioubuni mfumo ule walifikiri mengi. Walifikiri wizi, walifikiri rushwa, walifikiri umeme kukatika. Hawakufikiri nyumba ambayo mtu mmoja akisema "tupo" ametosha kwa wote. Wao walidhani kila mtu na pua yake.

Nuriati akakaa mkekani, akamweleza kwa sauti ya chini, kwa maneno mepesi, kama anavyoelezwa mfiwa. Yeye mwenyewe alipimwa kazini, pacha wake ni wake. Lakini vile visahani vinane ni pafu la Bi Tunu mwenyewe, mara nane. Hoza leo anapewa bluu kwa kuwa pafu la Bi Tunu limeipenda bluu.

Ungo ukatulia. "Na lake je?"

"Lake halipo. Hakuna anayejua."

"Lioteshwe sasa."

"Kuotesha ni mwezi. Mkabo haumpi mtu wiki mbili."

Uani Amria alikuwa bado anacheka. Bi Tunu akamsikiliza kidogo kabla ya kuuliza, "Ukisema?"

"Wanafuta majina yenu yote. Hoza anakwenda Bandani."

"Usiposema?"

"Anakunywa bluu. Watu wengi inawafaa. Wengine inawazamisha. Ni kama kutupa shilingi juu."

"Kuliko Banda."

"Kuliko Banda," Nuriati alikubali, na hilo ndilo lililomtesa, kwamba hesabu ilikuwa upande wa kunyamaza. "Lakini yeye anajua imepimwa."

Bi Tunu akaokota punje nyeusi, akaitazama, akaitupa. Uso wake ulikuwa umezeeka wakati wanazungumza. "Mimi sikwambii fanya hivi wala usifanye. Nilishawafanyia watu jambo bila kuwauliza, na ndilo hili."

3

Hoza alikuwa wodini, nyuma ya kioo, macho mekundu na mdomo haujapungua hata neno moja.

"Nuri," alisema kupitia kipaza sauti, akavuta pumzi, "nasikia pacha wangu kapona kabla yangu. Ndugu gani huyo?"

"Pole, Hoza."

"Usinitazame hivyo kama umeniona kwenye jeneza. Niambie tu. Bluu ndiyo?"

Nuriati alikuja na maneno yake yamepangwa. Alitaka kumwambia, Hoza, ni kubahatisha, uamue mwenyewe. Lakini muuguzi alikuwa amesimama pale pale, na kipaza sauti kilirekodi kila kitu, na ukweli ukishatamkwa hapo haumsubiri Hoza aamue. Unakwenda moja kwa moja kwenye kabati. Basi akachagua sentensi isiyo na uongo ndani yake, wala ukweli.

"Pafu limeikubali bluu."

Hoza akaweka kiganja. Taa ikawa kijani.

Kesho yake alikuwa amekaa kitandani anauliza chapati. Nyumba nzima ilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Bi Tunu hakupiga. Aliingia chumbani akaswali rakaa zake za shukrani, akakaa huko muda mrefu kuliko rakaa zinavyohitaji. Nuriati naye akajiambia Mungu amelifunga hilo jambo kwa mkono wake, nani yeye wa kulifungua.

Kisha Amria akaanza kukohoa.

Safari hii Nuriati hakwenda hata kusimama kiooni. Kunyamaza mara ya kwanza kulimchubua. Mara ya pili kulipita laini, kama kiatu kilichokwisha kulainika. Alikata pafu, akaliambukiza, akalipa rangi zake, akachungulia asubuhi akijua atakachokiona. Tatu, kimya. Akaandika bluu.

Amria alizama mchana, jua likiwa utosini, mbele ya mumewe. Sefu alikuwa dereva wa lori la saruji, mtu wa maneno machache, na siku ile alikuwa na swali moja tu, akamuuliza kila aliyevaa koti jeupe ukumbini. Akafika kwa Nuriati.

"Shemeji, si walisema imepimwa? Si walisema kwenye pafu lake mwenyewe?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia, anayeamini kwamba huyu wa mwisho atamwelekeza. Nuriati akamshika mkono, akaona vumbi la saruji limejaa kwenye mistari ya kiganja.

4

Daktari Mhina alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa kuitwa kwenye shughuli na kukaa karibu na sufuria. Nuriati alipomaliza kusema, hakupandisha sauti. Alivua miwani akaifuta na shati, akaivaa, akaivua tena.

"Ulijua tangu Hoza?"

"Tangu Hoza."

"Na Hoza kapona."

"Ndiyo, daktari."

"Ukaona basi." Alitikisa kichwa, na haikujulikana anamtikisia nani. "Mimi ningeona hivyo hivyo. Ndilo linalonitisha. Kila dozi iliyodondoka tangu mvua zianze imesimama juu ya neno moja, kwamba pafu ni la mwenyewe. Nuriati, mji huu una Bi Tunu wangapi?"

Nuriati akaanza kuwahesabu moyoni. Bibi wa kona, anayewachukulia watoto wa mtaa mzima chanjo. Mzee wa Barabara ya Ishirini, anayetia saini kwa ajili ya wapangaji wake wote. Ndugu waliopangiana foleni tangu utoto. Wangapi walipona kwa pua ya jirani, na wangapi walizikwa nayo, na mashehe wakasema ni siku yao.

"Lazima nifute hivyo vinane," Daktari Mhina alisema. "Leo."

"Saba. Cha Bi Tunu ni chake kweli."

"Unajua hilo kwa macho."

"Kwa macho na kwa mdomo wake."

"Kabati halina macho na halimjui Bi Tunu. Nikifuta, linafuta anwani nzima, ndivyo lilivyotengenezwa. Kuthibitisha pafu ni la nani kunataka damu yake ilinganishwe Dar es Salaam, na huko wamezidiwa. Watajibu watakapojibu." Akamtazama. "Ni mzima lakini, huyo mama?"

"Ni mzima."

"Basi tumuombee abaki hivyo."

Akabonyeza. Kwenye rafu ya Nuriati, taa ndogo nane zikazimika kwa pamoja.

5

Walikuwa hawajamaliza hata matanga ya Amria. Nyumba ilijaa, wanawake wamelala ukumbini, na Bi Tunu akawa wa kwanza kuamka na wa mwisho kukaa. Anagawa uji, anawafunika watu, kanga ya kichwani ameivuta mpaka mdomoni. Watu walidhani ni huzuni. Aliivuta ili asikohoe mbele yao.

Alipoanguka jikoni alikataa gari la wagonjwa. Alisema likija mlangoni kwake litafukuza wageni. Hoza akampakia nyuma ya baiskeli, kwenye keria aliyoishonea mto, akamfunga kiunoni pake kwa kanga, na nusu ya mtaa ikawafuata kwa miguu mpaka geti la Nyumba ya Pumzi kama inayosindikiza bibi harusi. Njia nzima, Hoza alisimulia baadaye, alikuwa akipokea salamu.

Nuriati alimpokea kwenye kabati. Alikwisha kumpigia Daktari Mhina, na Daktari Mhina alikuwa ofisini na simu mbili, moja kila sikio, anaibembeleza Dar es Salaam.

"Weka kiganja," Nuriati alisema. "Huenda."

Bi Tunu akaweka. Taa nyekundu. Akakifuta kiganja kwenye gauni, kwa haya, kama aliyeambiwa mkono wake mchafu. Akaweka tena. Nyekundu. Nyuma ya kioo cha kabati dozi za bluu zilionekana zimepangana, na Nuriati alijua, kwa hakika ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mgonjwa mwingine yeyote, kwamba moja tu ingemwinua mama huyu. Ilikuwa imepimwa kwake mara mbili, kwa jina la Hoza na kwa jina la Amria.

Mara ya tatu Bi Tunu aliegemeza mwili wote. Nyekundu.

"Livunjeni," Hoza alisema. Akaokota kizima moto ukutani. Walinzi wakamwahi, wawili, na yeye bado hana nguvu. Daktari Mhina akatoka ofisini, simu zinaning'inia mikononi, na watu wakaliona jibu usoni kwake kabla hajasema.

"Nimewaambia naapa," alisema. "Wanasema kiapo hakina pa kujazwa kwenye fomu yao."

Bi Tunu akaondoa mkono. "Zimetosha," alimwambia Nuriati. "Hodi tatu zimetosha, mwanangu. Mgeni mwenye adabu huondoka."

Bandani walimpa kitanda cha karibu na ukuta. Nuriati aliruhusiwa kukaa naye kwa kuwa ni mtumishi, na alikaa kila mchana baada ya kulisha. Maneno ya Bi Tunu yalikuja kwa vipande, mtungi ukisaidia katikati.

"Wale wa kwenye rafu," aliuliza siku moja. "Wanakula?"

"Kila asubuhi."

"Taa si zimezimwa?"

"Nawalisha hivyo hivyo."

"Wote ni mimi?"

"Wote."

Bi Tunu akafikiri. "Basi huko kumejaa," alisema, na ungeweza kudhani amefurahi, lakini alikuwa analia.

Nuriati akainama karibu na sikio lake. "Bi Tunu, nilisema kwa ajili ya Amria. Sikujua kwamba wewe..."

"Ulisema umechelewa," Bi Tunu akamkatiza. "Au umewahi. Mimi sijui." Akavuta hewa, akavuta tena. "Sikulaumu. Lakini usiniombe nikupe pole. Pumzi haitoshi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu ya mwisho. Alikwenda siku ya Ijumaa kabla ya adhana, na waliokuja kumzika walijaza barabara tatu.

6

Majibu ya Dar es Salaam yalifika baada ya khitma. Yalikuwa sahihi kabisa. Visahani vinane, mtu mmoja, dawa bluu. Mtu huyo: marehemu. Na pacha wa marehemu, kwa kanuni, huteketezwa, maana chakula cha rafu hakitoshi walio hai.

Mwanjaa alikuwa amekwisha kuleta trei na ndoo ya tanuri, Hoza alipotokea mlangoni, kofia mkononi. Kule Ngamiani wapangaji walikuwa wanahama mmoja mmoja. Sefu alikwisha ondoka na lori lake, hakuaga. Mlango wa mbele warithi wameufunga kwa kufuli, na jiwe lake limebaki barazani halina kazi.

"Nimeambiwa yanachomwa leo," Hoza alisema. "Nionyeshe lililoniponya."

"Hoza, yote ni..."

"Najua. Nionyeshe lenye jina langu."

Nuriati akalitia chini ya hadubini, akamsogezea kiti. Fundi baiskeli akafumba jicho moja, akatafuta kwanza kama mtu anayetafuta tobo kwenye mpira, kisha akatulia.

Mashine ilivuta na kuachia.

"Mbona kama linabisha," alisema.

"Ndivyo linavyokwenda. Mara tatu."

"Halafu?"

"Halafu linanyamaza."

Hoza alitoka kijijini na begi la vifaa, na maisha yake yote ya mjini aliyaishi ndani ya nyumba ambamo hodi ya tatu haikuwahi kufika. Labda ni mazoea tu. Aliinamia kioo, jicho bado pale, akasema kwa sauti ya mtu aliye jikoni, "Karibu."

Mwanjaa akageukia ukuta.

Pafu halina masikio. Lilibisha tena, mara tatu, likanyamaza. Likabisha tena. Nuriati akangoja Hoza aliondoe jicho mwenyewe, na alipoona hataliondoa, akakivuta kisahani taratibu kutoka chini yake, akakipanga kwenye trei pamoja na vile saba, akaishika trei upande mmoja. Mwanjaa akashika wa pili.